Vitabu vya inama Kisumu mjini, na ule ugomvi wangu na muuzaji juu ya Mariama Bâ

Wenye mko Kisumu ama mnapita Kisumu na mnapenda kusoma, hii rivyu ni yenu. Kuna jamaa anauza vitabu vya mitumba mjini, si duka, ni meza mbili, turubai, na makatoni chini ambayo lazima uiname ndio uone kitu, ndio maana tunaita vitabu vya inama. Bango hana, jina la biashara hana, yuko chini ya veranda moja hivi kwenye zile barabara za ndani ukiacha Oginga Odinga Street, uliza bodaboda yeyote hapo "yule mtu wa vitabu wa kofia" atakuonyesha bila hata kukupandisha. Nampa nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimemnyima kwa sababu mbili, moja ndogo ya mvua na vumbi, na moja kubwa ya vile anavyomuuza Mariama Bâ, na hiyo kubwa ndio imenifanya nikae chini niandike yote haya.

Lakini kwanza nimsifu manake anastahili. Bei zake ni za kuongea. Riwaya nyembamba ni 300, nene 400 hadi 500, na ukiona ameandika bei kwa penseli ndani ya kava jua hiyo ni bei ya kuanzia, si ya kumalizia. Ukimaliza kusoma unarudisha kama haijachanika, unaongeza 100 unachukua ingine, na hapo ndipo amenikamata mimi kabisa, saa hii sijui kama ninanunua vitabu ama ninavikodi. Ukitaka kitu hana anaandika kwenye kile kidaftari chake cha bluu, unatuma kitu kidogo kwa M-Pesa ya kushikilia, na akikipata anakupigia. Watu wa Siaya, Busia na Kakamega anawawekea kwa matatu kama parseli, unalipia pale ofisini ukichukua. Na kitu kimoja ambacho maduka makubwa yenye taa na kiyoyozi hayana: huyu mtu anasoma. Umwambie unataka kitu cha kusoma kwa safari ya usiku atakuuliza kwanza wewe ni mtu wa kulia ama wa kucheka.

Sasa nilifikaje kwa Mariama Bâ. Chama chetu ni cha wanawake, tunachanga, tunapeana kwa zamu, kawaida tu. Ila kuna mwaka mambo yalikuwa yanaanza kuharibika, kila kikao ni udaku na madeni, alafu mwalimu mmoja mstaafu kati yetu akasema tuwe tunasoma kitabu kimoja wote tukija tukiongee, ndio midomo ipate kazi ingine. Tukakubali, wengine kwa shingo upande. Kitabu cha kwanza akachagua yeye: ile riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, Une si longue lettre, ambayo kwa Kiingereza ni So Long a Letter na kwa Kiswahili imetoka kama Barua Ndefu Kama Hii. Sababu yake ilikuwa ya kikazi kabisa, kitabu ni chembamba, hata peji mia haifiki kwa ile kopi ya Kiingereza, hakuna wa kusema hakupata nafasi.

Kupata kopi za kutosha ndio ilikuwa shida. Kuna sehemu ingine, sitataja, walituuzia za fotokopi zimebanwa na stepo na kava ya rangi imebandikwa juu ikapendeza. Mimi nimefungua nyumbani, nasoma vizuri, peji 56 ikaisha katikati ya sentensi, ingine inayofuata ni 61, na hiyo 61 iko upande upande kama mtu alikuwa anafotokopi akiongea na simu. Tukarudi, tukaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Na mjue zile peji zilizopotea ndizo roho ya kitabu chenyewe, nitawaambia hapa mbele. Ndio tukaenda kwa jamaa wa kofia tukiwa na hasira, akacheka, akasema tumpe wiki. Akazitoa huko anakojua yeye, moja moja, zote ni orijino za zamani, zimetoka kwa watu waliosoma chuo. Yangu ilikuwa na maandishi ya penseli pembeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwanafunzi fulani mwenye bidii amepigia mistari kila kitu, na pale Modou, bwana wa yule mama wa kwenye hadithi, anaoa rafiki wa binti yake, huyo mwanafunzi ameacha masomo ameandika tu "fala huyu" na alama tatu za mshangao. Mimi nilisema hiyo kopi siirudishi hata aniongezee pesa.

Sasa ugomvi. Wakati anatupatia vitabu akaanza maelezo yake ya kuuza, na ananiita madam kila anapotaka kunibembeleza. "Madam, huyu mama aliandika maisha yake. Bwana alimletea mke mwenza, akalia weee, mwisho akaandika. Mtalia pia nyinyi." Wenzangu wakaguna vizuri, mauzo yakafanyika. Mimi hiyo ikanikaa rohoni, manake si ukweli, na si ukweli kwa njia ambayo inampunguza yule mama. Nikaanza kumfuatilia, kusoma huku na kule, na kila nikipita hapo nampatia kipande. Wacha niwapatie na nyinyi.

Mariama Bâ alizaliwa Dakar mwaka wa 1929. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na babu na bibi upande wa mama, familia ya Kiislamu ya kushika mila sana, na hao wazee kwao msichana kwenda shule mbali haikuwa kwenye mpango kabisa. Baba ndiye aliyekataa. Baba alikuwa mtu wa serikali, baadaye akaja kuwa waziri wa afya kabla Senegal haijapata uhuru, na alisisitiza huyu mtoto asome. Kwa hivyo mtoto anaenda shule ya Wafaransa, anasoma Kurani pia, na kwa bibi anafanya kazi zote za nyumba kama msichana mwingine yeyote, hakuna cha kusamehewa ati yuko na homework. Mwaka wa 1943 akafanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana pale Rufisque, na si mtihani wa kata ama wa wilaya, ni wa ile Afrika Magharibi yote iliyokuwa chini ya Ufaransa, kuanzia Senegal hadi Niger huko. Akawa nambari moja. Miaka kumi na nne. Mkuu wa chuo alikuwa mama mmoja Mfaransa, Germaine Le Goff, ambaye Mariama alimheshimu hadi mwisho, na ukisoma riwaya utaona yule mwalimu mkuu mzungu anasifiwa kwa njia ambayo mtu hasifii mtu wa kubuni.

Akamaliza 1947, akafundisha miaka kama 12, alafu afya ikamsumbua akahamishiwa ofisi ya ukaguzi wa shule. Aliolewa na Obèye Diop, mwanasiasa, mbunge. Wakapata watoto tisa. Wakaachana. Hapo sasa ndipo jamaa wa kofia anakosea: yule mama wa kwenye kitabu, Ramatoulaye, ana watoto kumi na wawili, hakuachana na bwana, alibaki, na anaandika barua akiwa mjane. Mariama mwenyewe aliondoka na watoto tisa na mshahara wa mwalimu. Sasa niambie hayo ni maisha ya nani yameandikwa hapo. Kama ni maisha yake basi amejigawanya, kidogo kampa yule aliyebaki na kidogo kampa yule rafiki aliyeondoka, Aissatou, ambaye bwana akileta mke wa pili anaacha barua kitandani, anachukua vijana wake wanne anaenda kusoma, anaishia kufanya kazi kwenye ubalozi wa Senegal huko Marekani. Nilipomwambia hivyo akasema "eh madam, lakini watu wananunua ukisema ni ukweli." Biashara naelewa. Lakini ukisema mtu alilia ndio akaandika, umeruka yote aliyoyafanya kabla hajaandika.

Na aliyafanya mengi! Alikuwa kwenye vyama vya wanawake pale Dakar, anahutubia, anaandika magazetini kuhusu haki za mke kwenye ndoa, kuhusu mitala, kuhusu wasichana kunyimwa shule. Hiyo yote ni kazi ya jioni, baada ya ofisi, na watoto tisa nyumbani. Riwaya ilitoka 1979, na yeye ana miaka 50. HAMSINI. Kwenye chama chetu hapo ndipo watu walinyamaza, manake tuko wengi tuliofika hapo ama tunakaribia na tulikuwa tumeshajiambia ya kuanza vitu yamekwisha. Mwaka uliofuata, 1980, ikashinda tuzo ya Noma, ile iliyoanzishwa na mchapishaji wa Japani kwa vitabu vya Afrika, na yeye ndiye alikuwa mshindi wa kwanza kabisa. Agosti 1981 akafa kwa kansa, ana miaka 52. Riwaya ya pili ikatoka akiwa hayupo. Yaani umaarufu aliuona miaka miwili tu, tafsiri ya Kiingereza yenyewe, ya Modupé Bodé-Thomas, ilitoka mwaka ule ule alipokufa.

Kuna makala yake moja ya karibu na mwisho inaongea kuhusu kazi ya mwandishi Afrika, ndani anasema wanawake hawawezi tena kuridhika na zile sifa za Mama Afrika ambazo wanaume wanaimba wakichanganya bara na mama zao. Nilicheka peke yangu nikikumbuka mikutano ya siasa ya hapa kwetu, mama anaimbiwa toka asubuhi, anachezeshwa, anavalishwa tisheti, na chakula cha wageni bado ni yeye anapika.

Turudi kwa zile peji zilizopotea kwa fotokopi. Hadithi kwa ufupi: Modou amekufa, na Ramatoulaye anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Dada yetu mmoja wa Kaloleni ambaye ni Muislamu ndiye alitufungua macho hapo, akatueleza eda inakaliwa vipi, nani anakuja, nani anapika, kitu gani unaacha kuvaa, na wale tuliozoea matanga ya kijijini tukaona mbona mambo mengi ni yale yale, jamaa wa bwana wanajaa nyumba, vitu vinahesabiwa na macho, na mjane amekaa chini anaangalia watu wanakula. Siku ya arobaini ikipita tu, shemeji anakuja. Tamsir, kaka mkubwa wa marehemu. Anakuja na imamu na rafiki wa marehemu, anakaa, na hakuja kuuliza, amekuja kutangaza: ukitoka eda nakuoa.

Mimi ni wa hapa. Sihitaji kueleza mtu wa Nyanza hiyo sini. Hiyo ni tero, ile mila yetu Waluo ya mjane kurithiwa na ndugu wa bwana, imevaa kanzu tu. Kwenye kikao siku hiyo hatukuongea pesa hata kidogo. Mmoja wetu, tunamwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, ambaye kawaida hana maneno, akasema kwao waliokuja walikuwa wanne, na aliyetangaza alikuwa na wake wawili tayari na deni la mbegu dukani, na yeye hakujibu kitu, aliinuka tu akaenda kufungia kuku. Tukacheka hadi tukalia alafu tukanyamaza. Ramatoulaye yeye alijibu. Miaka thelathini ya ndoa amemeza, siku hiyo akafungua mdomo mbele ya imamu. Akamwambia Tamsir wazi kwamba mshahara wake hautoshi hata wake alionao, kwamba mmoja anatia vitambaa rangi, mwingine anauza matunda, na wa tatu anazungusha cherehani kutwa, ndio nyumba iende, na yeye bwana amekaa anangojea kuhudumiwa. Na kwamba yeye si kitu cha kupitishwa mkono kwa mkono. Nyar Seme akaomba tumsomee tena hiyo ya cherehani. Tukasoma. Akasema sasa huyo ndiye mtu.

Na kumbuka habari ya ndoa ya pili yenyewe ilimfikiaje. Harusi imeshaisha, imamu na huyo huyo Tamsir na rafiki wa bwana wanakuja sebuleni na maneno laini ya Mungu amepanga. Hakuna aliyemuuliza wala kumwambia mapema. Mke mwenza ni Binetou, msichana waliyekuwa wakimlisha pale kwake akija kusoma na binti yake Daba. Hapo kikao kiligawanyika vibaya, wengine walimlaumu Binetou na wengine mama yake, yule mama aliyekuwa anataka maisha mazuri na akapelekwa Makka na villa wakajengewa kwa mkopo. Mimi niko upande wa kumhurumia Binetou, alitolewa shule akiwa karibu kumaliza. Mwalimu wetu mstaafu alikataa, akasema alikuwa na akili zake. Hatujamaliza hiyo hadi leo na sitarajii tumalize.

Wakili mmoja kijana, binti ya mmoja wetu, alikuja kikao kimoja akatuambia kitu ambacho kilinisaidia kuelewa kwa nini Mariama alikuwa anaandika vile. Senegal walipitisha sheria ya familia 1972, na ndani yake bwana anachagua wakati wa kufunga ndoa, kama ni mke mmoja, ama atawekea mpaka, ama hadi wanne, na asiposema kitu inahesabiwa ni mitala. Kwa hivyo kitabu kimetoka sheria iko tayari, miaka saba, na bado mambo ni yale. Alafu akatukumbusha yetu, ile Sheria ya Ndoa ya 2014, vile wabunge wanaume walitoa kile kipengele cha mke wa kwanza kuambiwa, wabunge wanawake wakatoka nje usiku. Na ndoa ya kimila kwetu inahesabiwa iko wazi kwa mitala, za kanisa na za serikali, zile tulizozoea kuita za kwa DC, ndio za mke mmoja. Hapo kila mtu akaanza kujiuliza yake ni ipi. Wawili waligundua hawana karatasi yoyote. Huyo binti alipata kazi siku hiyo na hakulipwa kitu, alipewa samaki.

Kama utanunua, msitarajie kitabu cha kukemea dini. Yule mama wa kitabu anasali, anakaa eda yake hadi mwisho, anamsamehe marehemu, na anakataa pia mchumba wa pili, Daouda, mtu mzuri tu, daktari na mbunge, kwa sababu ana mke nyumbani na yeye hataki kumfanyia mwingine alichofanyiwa. Hiyo ya Daouda ilitusumbua kuliko Tamsir. Tamsir kumkataa ni rahisi! Pia kuna vitu vidogo vitamu, vile anaanza kwenda sinema peke yake watu wakimwangalia, na vile Aissatou anamnunulia gari, Fiat, na anajifunza kuendesha akiwa mtu mzima. Kuna sehemu za katikati zinazohubiri kidogo kuhusu siasa na ujenzi wa taifa, hizo unaeza pitia haraka, mimi nilipitia.

Sasa kasoro za jamaa, nisije nikaonekana nimelipwa. Mvua ya Kisumu mnaijua, saa tisa jua kali, saa kumi imemwagika, na turubai lake lina tundu upande wa mashairi. Vitabu vya pembe hiyo vimevimba, angalia kabla hujalipa. Risiti hatoi, meseji ya M-Pesa ndio risiti. Januari shule zikifungua usiende kabisa, wazazi wamejaa, bei zinapanda na hana muda na mtu. Vitabu vya Kiswahili ni vichache sana kwake, hiyo ni aibu kidogo, Barua Ndefu Kama Hii alitafuta ikapatikana moja tu na tukawa tunapokezana kwa wale wanaosoma Kiswahili kwa raha zaidi, na niseme tu hao ndio walimaliza kwanza. Ukiipata popote nunua bila kuuliza. Jumapili humkuti mjini, yuko Kibuye na katoni chache, na huko bei ni nafuu lakini uchaguzi ni wa bahati.

Ile kubwa ya maelezo yake, kuna maendeleo. Nimempigia kelele vya kutosha. Mara ya mwisho nimesikia anamuuzia kijana fulani wa chuo akasema "huyu alikuwa mwalimu, alikuwa nambari moja Afrika Magharibi nzima," kidogo amezidisha manake ni ile ya Wafaransa tu, lakini tusimkatishe tamaa. Na amewapanga vizuri sasa, Mariama Bâ amemweka kando ya Grace Ogot wetu wa Asembo, ambaye walipishana umri mwaka mmoja, wa 1930 yeye, nesi, mtangazaji, baadaye mbunge wa Gem, na upande ule mwingine Flora Nwapa na Buchi Emecheta wa Nigeria. Efuru ya Nwapa na The Promised Land ya Ogot zote zilitoka 1966, hiyo pia nimemwambia aanze kuisema. Zamani alikuwa amewachanganya wote na vitabu vya mapishi na vya malezi, sijui alifikiria nini.

Kwenda kwake ni rahisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi giza, asubuhi ndio kuna utulivu na ndio anapunguza bei. Beba pesa ya 300 kwa Mariama Bâ na usikubali zaidi ya 350 hata akuambie ni ya mwisho, huwa si ya mwisho. Ile riwaya yake ya pili, Scarlet Song, iliyotoka kwa Kifaransa 1981, ya kijana wa Dakar na binti wa Kifaransa, anayo moja, kava imeandikwa jina la mtu kwa kalamu nyekundu. Hiyo nimeshatuma pesa ya kushikilia, msinibebee, mwambieni awatafutie ingine.